Magunia Mawili ya Mzee Okello

Juzi darasani tulibishana kuhusu vimbunga: bahari ikisukumwa nchi kavu, je, kuta za udongo huizuia kweli? Nilisema kuta ni bure tu, wenzangu wakacheka, na papo hapo nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni kwenye kota za polisi, Nakawa.

Jirani yetu Mzee Okello, askari polisi, alikuwa amepanga magunia ya udongo kando ya mfereji ulionuka sabuni na matope. Nilidhani ameyatupa. Niliburuta mawili nyuma ya nyumba, yakawa goli letu.

Mvua ilipokuja, maji yalipita pale nilipoacha pengo, yakaingia kwa Mama Achan, fundi cherehani, yakalowesha nguo zote za wateja. Leo najua kwamba kwingine kote ukuta ule ulishika vizuri.

"Afande, ndiyo kazi yako hii?" majirani walimcheka mzee.

"Askari wake wawili wametoroka lindo," nikadakia, wakacheka zaidi.

Mzee Okello aliinama mlangoni kwa Mama Achan, akaanza kuchota maji kwa beseni.

"Nisamehe, mama," alisema. "Labda sikuyapanga vizuri."

Nilikuwa nimesimama karibu naye. Sikumwambia kwamba mawili niliyaondoa mimi.