Jicho la Baba na Visu vya Kukunja

Baba yangu hakuwahi kunisifu, na mimi sikuwahi kumwomba anisifu. Tulikuwa tukifua visu vya kukunja nyuma ya nyumba yetu hapa Bwera, karibu na mpaka wa Congo, yeye na nyundo, mimi na tupa, na kila nilichomaliza alikiita takataka. Mimi nami si mpole. Nilikuwa naitupa tupa chini na kuondoka zangu, kisha njaa inanirudisha.

Visu vyetu si vya dukani. Bapa ni chuma cha springi za lori, mpini ni pembe ya ng'ombe kutoka Muhokya, na kila fundi wa upande wetu hukata alama yake karibu na msumari wa kukunjia. Ya baba ni mikato mitatu. Wakulima wa Mahango hupogolea kahawa kwa visu hivyo, na wafanyabiashara Wakongo wanaovuka kuja sokoni huvibeba hadi Butembo. Mwambie mmoja wao anunue cha kiwandani uone atakavyokucheka.

Kisha jicho la baba likaanza kufa. Nasema jicho kwa sababu la pili lilichukuliwa na cheche kabla sijazaliwa. Hili lililobaki likaingiwa na mtoto wa jicho, likawa jeupe kama maji ya kuoshea mchele. Nyundo nikaishika mimi. Watu wakasema mwanamke hafui chuma. Nikawaambia haya, mleteni huyo mwanamume wenu, nimwone. Hakuja mtu.

Kilichoniuma ni baba mwenyewe. Kila kisu nilichomaliza nilimpa. Anakipapasa kwa kidole gumba, anakifungua, anakifunga, halafu anasema kwa sauti ya mgonjwa, "Kizuri, mwanangu."

Kizuri! Nilijua si kizuri. Mkongo mmoja, mteja wetu wa miaka mingi, alinirudishia vitatu akasema, "Mama, hii haiko mukono ya muzee." Nilimfokea, lakini alikuwa amesema kweli. Baba alikuwa amekata tamaa, ndiyo maana alikuwa mpole, na upole ule ulinitisha kuliko matusi yote ya ujana wangu.

Mwaka huu akakubali kupasuliwa, kule Kasese mjini. Daktari alitwambia wazi: jicho ni hili moja, likikataa, basi. Siku ya kufungua bandeji nilikaa kando ya kitanda. Nesi akanyoosha vidole. "Mzee, ni vingapi?"

"Viwili," akasema baba.

Nesi akapiga makofi. Mimi sikupiga. Vidole vya nesi kwa kawaida huwa viwili. Baba angeweza kubahatisha tu ili nisilie mbele za watu. Nikafungua mkoba, nikatoa kisu nilichokimaliza juzi, kile nilichokiona bora kuliko vyote.

"Banange! Kisu wodini?" Nesi akaruka nyuma.

"Mwache," nikasema. "Baba, hebu tazama."

Akakifungua taratibu, akakiinua mbele ya dirisha. Kwetu kisu hupimwa hivyo: kikishafunguliwa, mwanga usipenye hata kidogo pale bapa linapokutana na mpini. Kidole hakiwezi kujua. Ni jicho tu. Akakodoa. Akakigeuza. Akakodoa tena. Nikaona mdomo wake unapinda, nikadhani anataka kulia, nikasema moyoni, tumekwisha.

"Nani ametengeneza takataka hii?"

"Mimi, Baba."

"Huoni mwanga hapa? Hapa ng'ombe mzima anapita! Halafu unakata alama yangu juu yake, unaniharibia jina mpaka Congo! Wewe uko na macho mawili, yanafanya kazi gani?"

Ufa wenyewe niliutafuta nikakaribia kuukosa. Ulikuwa mwembamba kama unywele. Nesi maskini, bambi, akanishika bega kwa huruma, akidhani nimeumizwa. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania chuma cha kitanda, nacheka, machozi yananitiririka mpaka kidevuni.

"Nitukane, Baba," nikamwambia. "Nitukane tu, mpaka tufike Bwera."