Tuombe Macho Wazi

Kuna Jumamosi moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka viganja vyangu vinalowa jasho, mwanangu. Na usicheke nikikuita mwanangu. Najua huenda tunalingana umri, au hata umenipita kidogo. Lakini kwenye mambo ya leba aliyetangulia kuingia ndiye mkubwa, na mimi nimetangulia, kwa hiyo kaa nikusimulie.

Mimi ni msichana wa Ngokolo, Shinyanga mjini. Shule sikwenda mbali, niliishia kidato cha pili, ila kwa kuota ndoto mchana hakuna aliyenifikia mtaani kwetu. Nilikuwa naota saluni yenye kioo ukuta mzima na feni linalozunguka taratibu. Wenzangu wakaniita Mama Saluni wakati hata kitana nilikuwa naazima. Kisha nikaolewa na Shija, mchimbaji mdogo, akanihamishia huku upande wa Geita, kwenye machimbo. Nikaja nacheka. Nikapata mimba nacheka. Hata leba nesi alinitania kwamba hajawahi kuona mtu anapiga stori katikati ya uchungu.

Akazaliwa Kabula, siku ya mvua, ndiyo maana akapewa jina hilo. Nikasubiri ile furaha ninayoijua ije. Haikuja. Nilidhani ni uchovu.

Sasa, kutoka kwangu kwenda bombani, njia inapita kando ya duara la zamani. Duara ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao la dhahabu, na lile lilikuwa limeachwa, limezungushiwa vijiti vilivyooza. Asubuhi moja napita, Kabula mgongoni, ndoo mkononi, wazo likanijia. Sikulitafuta, mwanangu, lilikuja lenyewe. Niliona mikono yangu inafungua kanga na mtoto anakwenda chini. Niliona kabisa, kama mtu anavyotazama video. Nikatupa ndoo, nikakimbia mpaka nyumbani, nikamlaza mtoto kitandani, nikatoka nje nikakaa naitazama mikono yangu kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Tangu hapo njia ile sikuipita. Lakini lile jambo halikubaki njiani, lilinifuata ndani. Kisu cha jikoni nikakiogopa, nikampelekea jirani yangu muuza nyanya, nikamwambia akitumie tu. Akanishukuru sana, akawaambia watu nina roho nzuri. Beseni la kumwogeshea mtoto nikaliogopa pia, nikawa namfuta kwa kitambaa. Shija akirudi kazini ananikuta nimekaa mlangoni, na mtoto amelala peke yake katikati ya chumba. Akiuliza mbona niko mbali, namwambia joto. Akitaka kujua mbona nimekonda, namwambia joto. Maskini, alikuja kununua feni.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Nilikuwa nimesikia habari za mwanamke mmoja aliyesema hajisikii vizuri baada ya kujifungua. Wakasema ana pepo, wakamrudisha kwao Ushetu, mtoto akabaki kwa wakwe. Mwanamke mwenyewe sikuwahi kumwona, na wala sijui kama alikuwepo kweli. Ila habari yake ilinitosha kufunga mdomo. Niliogopa Kabula abaki na mimi, na niliogopa Kabula achukuliwe. Hofu hizo zote mbili zilikuwa zinakaa kifua kimoja, na mchana kutwa mashine za kusagia mawe, yale makarasha, zinanguruma nje, na mimi sisikii kingine ila moyo wangu.

Kuomba nako kulinishinda. Mimi nimekulia kwaya ya watoto, sala ilikuwa kwangu kama kunywa maji. Lakini kila nikifumba macho niombe, naliona duara. Pale pale, kabla hata sijasema Baba. Nikaanza kuamini kwamba Mungu naye analiona, kwamba kila nikifumba macho ndipo anapoona mimi ni mama wa namna gani. Kwa hiyo nikaacha kuomba ili asinione. Angalia hofu inavyomfanya mtu mjinga: nilikuwa najificha kwa Mungu ndani ya nyumba ya bati.

Ndipo ikaja Jumamosi hiyo.

Akina mama wa kanisani kwetu wana desturi ya kwenda kumwona mzazi. Walikuja alasiri, wanaimba tangu kona ya barabara, na mabeseni kichwani yenye unga wa uji, sukari, sabuni na doti ya kanga. Mbele yuko Mama Rehema, katibu wao, mwanamke mchapakazi ambaye akiomba hata kuku wanatulia. Nyuma kabisa anajikokota Bibi Minza, mjane mzee anayeuza michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Bibi Minza ana sifa ya kusinzia mahubiri yote na kuamka wakati wa sadaka. Wakajaa chumbani, wengine kitandani, wengine chini kwenye mkeka. Kabula akapita mkono kwa mkono, huyu anasema pua ya baba, yule anasema masikio ya bibi yake. Nilicheka nao. Nilikuwa nimejifunza kucheka bila kucheka.

Kisha Mama Rehema akasema wageni wameshafurahi, sasa mzazi mwenyewe amshukuru Mungu kwa sala, maana zawadi ni yake.

"Tuinamishe vichwa, tufumbe macho," akasema.

Wote wakafumba. Mimi nikafumba. Duara likaja, kubwa kuliko siku zote, na safari hii lilikuwa limefunguka hapo hapo kwenye mkeka, katikati ya wale akina mama. Nikafumbua macho. Nikawaona wameinama wananisubiri. Nikajaribu tena, nikashindwa tena. Baadaye Mama Rehema akafumbua jicho moja.

"Mama Kabula, fumba macho tuombe."

"Siwezi."

"Huwezi kuomba?"

"Siwezi kufumba macho."

Vichwa vikainuka kimoja kimoja. Nikasikia mtu ananong'ona nyuma yangu. Mama Rehema akanitazama kwa muda, uso ukambadilika, akasimama, akanyoosha mkono juu ya kichwa changu na sauti yake ikaanza kupanda, ile sauti ya kukemea. Na yule dada aliyekuwa amempakata Kabula akainuka polepole, akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni na mtoto wangu.

Mwanangu, kama umewahi kuota unaanguka, basi ndivyo nilivyokuwa, ila mimi nilikuwa macho. Nilijua nikipiga kelele ndiyo nimethibitisha. Nikinyamaza, mtoto anakwenda.

"Rehema, shusha mkono huo, tutauhitaji kuosha vyombo."

Alikuwa ni Bibi Minza, kule chini, amenyoosha miguu yake. Hakupandisha sauti. Mama Rehema akamwambia, kwa heshima, kwamba bibi hili si jambo la utani. Bibi Minza akajibu kwamba yeye naye hatanii, na kwamba aliyeko mbele yao ni mzazi, tena mzazi anayeogopa, hata kipofu angeona. Halafu akanigeukia mimi.

"Ukifumba macho unaona nini, ng'wanawane?"

Ng'wanawane ni mwanangu kwa Kisukuma. Mama yangu ndivyo anavyoniita. Sijui kama bila neno hilo ningesema. Nilisema. Nilisema habari ya duara, ya mikono yangu, ya kisu kwa jirani, ya beseni. Nilisema simwogeshi mtoto, namfuta. Nilisema nampenda na namwogopa, na kwamba wakati mwingine hata hilo la kumpenda silisikii, nalijua tu kama mtu anavyojua jina la mji asiowahi kufika. Nilisema yote nikitazama mkeka. Nilipomaliza nikasubiri mlango ufunguliwe.

Kisha mama mmoja wa kwaya, Mama Doto, akasema kana kwamba anazungumza na sabuni aliyoishika, "Kwangu ilikuwa reli. Tulikuwa tunakaa Isaka. Treni ikipiga honi nafunga mlango na komeo, nikimwogopa nani sijui. Kumbe najiogopa mimi." Mwanawe sasa ni kijana, anaendesha bodaboda, na huyo mama alikuwa hajawahi kumwambia mtu.

Bibi Minza akamwashiria yule dada aliyeko mlangoni.

"Mrudishe mtoto kwa mama yake."

Yule dada akasita. Mimi mwenyewe nikatikisa kichwa, nikasema asinipe. Bibi Minza akajivuta kwenye mkeka mpaka goti lake likagusa langu, akasema yeye yupo hapa, na Mama Doto yupo hapa, haanguki mtu leo. Kabula akawekwa mapajani mwangu. Alikuwa mzito wa joto, ananuka maziwa.

"Sasa tuombe," akasema bibi. "Macho wazi. Na kila mtu amwangalie huyu."

Mama Rehema akauliza, taratibu sana, kama inaruhusiwa. Bibi Minza akamjibu kwamba miaka yote hiyo Mungu hajawahi kumuuliza macho yake yalikuwa wapi. Watu wakacheka, na mimi kwa mara ya kwanza nikacheka kweli, machozi yananitoka.

Akaomba. "Baba, sisi tunamwona huyu, na wewe unamwona. Anaogopa. Kaa naye karibu, na sisi utukalishe karibu. Amina." Basi. Akina mama wale wakianza kuomba ugali hupoa, ila siku hiyo sala iliishia hapo na hakuna aliyeongeza neno.

Nilikuwa nasubiri duara lije. Niliona uso wa Mama Doto. Niliona kucha za Bibi Minza zenye vumbi la michembe. Nilimwona Mama Rehema ananitazama na midomo yake inatetemeka, na ndipo nikaelewa kwamba hata yeye alipoinua mkono alikuwa anaogopa. Na katika macho yote yale sikuona hata jicho moja linalonichukia. Nikawaza, kama hawa wamenisikia na bado wananitazama hivi, basi Yeye je, niliyekuwa namkimbia? Hilo ndilo lililonifariji, mwanangu. Sikusikia sauti wala sikuona mwanga. Niliona tu kwamba nimeonwa, na sijatupwa.

Sasa usije ukadhani niliinuka pale nimepona. Bibi Minza mwenyewe hakudhani hivyo. Alisema nisiachwe peke yangu na mtoto kabla sijaonwa na daktari, na Jumatatu akanisindikiza hospitali na kapu lake la michembe, akaiuzia foleni nzima. Nesi aliniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Kama nalala. Kama nawaza kujidhuru. Kama kuna sauti inaniamuru. Nikajibu ukweli, maana tayari nilikuwa nimeshausema mara moja na dunia haikupasuka. Akaniambia huo ni ugonjwa, unaitwa sonona baada ya kujifungua, na hofu ya namna yangu huja nao mara nyingi. Akasema nimefanya vizuri kuja, wala hakusema hata mara moja kwamba mtoto atachukuliwa. Akanipeleka kwa daktari, nikapewa dawa ambazo anayenyonyesha anaweza kutumia, na siku za kurudi kuzungumza.

Shija nilimwambia jioni hiyohiyo ya Jumamosi, Bibi Minza akiwa bado ameketi. Alisikiliza ameshika kofia yake ya kazi. Nikamwambia niliogopa atanirudisha Ngokolo. Akasema, "Kule chini mtu akisema hewa imekuwa nzito, hatumuulizi imani yake ikoje. Tunamvuta." Akamchukua Kabula, akatia maji kwenye beseni, akaniita nije nishike sabuni.

Akina mama wakaja kwa zamu, kwa miezi. Aliyekuja mara nyingi kuliko wote ni Mama Rehema, na nepi alizifua kwa mkono uleule. Tuliomba tukifua, tukichambua mchele, macho wazi. Hofu iliondoka kidogo kidogo, ikarudi, ikaondoka tena. Hata sasa kuna siku inapita kunisalimia. Ninamwambia Mungu imekuja, na ninamwambia Shija imekuja, na sikai nayo peke yangu.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, wewe uliye na mimba au unayenyonyesha huku unatetemeka. Kuogopa si dhambi, na wazo lililokuvamia si wewe. Liseme mapema, na ukisema kwa mtu wa kwanza akainua mkono, tafuta wa pili, tafuta na wa tatu. Nenda hospitali, na kama unaona huwezi kujizuia, usingoje Jumatatu kama mimi, nenda saa hiyohiyo, na mtu akushike mkono. Dawa haimwondoi Mungu. Anayekuambia uchague kimojawapo, mpishe. Sala ikikushinda kwa namna uliyofundishwa, omba kwa namna unayoweza, hata kama ni kukaa tu kimya mbele zake ukimwambia unaona nini. Na siku mwenzako akikwambia jambo kama langu, usikimbilie kumpokonya mtoto. Kaa karibu, muulize, msikilize mpaka mwisho, kisha mpeleke.

Mungu akupe usingizi. Akupe mwanamke mzee asiyeogopa hofu yako, na mume atakayetia maji kwenye beseni. Wanaokuja kumwona mtoto wote watamwombea mtoto, nawajua. Mimi, mwanangu, nimekuombea wewe.