Mtutu wa Sita na Nusu

Baba yangu alikuwa hapendi kuulizwa hali. Ukimuuliza bega, atakujibu habari za bunduki. Mwaka ule, mwishoni mwa miaka ya tisini, vyote viwili vilikuwa vibovu. Bega la kulia lilimuuma kila akivaa kanzu, na bunduki yake ya Kijerumani, aliyoirithi kwa ami yake, mtutu wake ulikuwa umekwisha. Mifuo ya ndani, ile inayoizungusha risasi ili iende sawa, ilikuwa imelika, hata risasi zikaigonga karatasi ya shabaha kwa ubavu na kuacha tundu refu. Yeye alisema mtutu utabadilishwa na bega litapoa lenyewe.

Hospitali walimpiga picha. Tulioitwa ofisini kwa daktari ni mimi na mama, yeye akaachwa nje na gazeti lake. Uvimbe ulikuwa umeanzia kwengine na sasa umeshaingia kwenye mfupa wa bega. Daktari alisema mfupa huo unaweza kuvunjika kwa jambo dogo, na akataja miezi, hakutaja miaka. Mama aliamua kabla hatujanyanyuka vitini: asiambiwe. Ndiyo desturi yetu, mgonjwa ndiye mtu wa mwisho kuambiwa anaumwa nini. Waswahili wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini sijasikia methali ya wanaomficha mgonjwa maradhi yake mwenyewe.

Tukamwambia ni baridi yabisi. Baridi yabisi, Maskati, mwezi wa Julai. Alitutazama mmoja baada ya mwengine, akasema basi atakunywa tangawizi.

Omani kuwinda kumekatazwa, kwa hiyo bunduki ile kwetu ilikuwa ya shabaha, siku za Idi, kule kijijini chini ya mlima. Ni baba aliyenifundisha kupiga, mimi mtoto wa kike, na ndugu zake walisema sana mpaka wakachoka. Lakini uwindaji alikuwa nao moyoni. Ujana wake ulikuwa Tabora, dukani kwa ami yake huyo huyo, na huko alipiga swala, kongoni na pofu. Nyati hakuwahi kumpiga. Rafiki yake aliyebaki huko alikuwa akimwita miaka na miaka aende wakamtafute. Sasa baba alikuwa amekata shauri: mtutu mpya kwanza, halafu safari.

Nikampeleka kwa fundi wa bunduki, mtaa wa Ghubra. Fundi alikuwa mtu wa bara ya Omani, Kiswahili hakijui, na akatueleza kwa Kiarabu kwamba bunduki ile inakubali mitutu ya risasi za namna nyingi, mradi kitako cha risasi kiwe cha kipimo kile kile. Mwenyewe achague anataka kupiga nini. Kisha akatoa kabatini mtutu mpya wa risasi ya milimita tisa nukta tatu. Mteja aliyeuagiza hakurudi. Akitaka baba, wiki moja utakuwa umeshafungwa.

Tisa nukta tatu ni risasi nene, ya kumwangusha nyati, na teke lake mpigaji hulisikia mpaka kwenye meno. Baba aliupokea mtutu ule kwa mkono wa kushoto, akauelekeza mlangoni, akachungulia ndani. Nilikuwa sijamuona amefurahi hivyo tangu tutoke hospitali.

Mimi nikaona kitako cha bunduki kinarudi kwa nguvu juu ya mfupa ule.

Nikaanza kuisifu risasi ya sita na nusu. Nilisema ni nyembamba, inakwenda sawa, upepo hauisumbui, kwa shabaha ya mita mia tatu haina mpinzani, na kwa swala na kongoni inatosha kabisa. Nilisema na teke lake jepesi, mtu anapiga siku nzima hachoki. Katika maneno yale yote hakuna hata moja la uongo, na bado nilikuwa muongo. Baba akaniuliza, na nyati? Nikamjibu nyati tutamfikiria baadaye.

Aliugeuzageuza mtutu. Halafu akamrudishia fundi, akamwambia afanye anavyotaka binti. Mtutu wa sita na nusu haukuwepo. Ulikuwa wa kuagizwa Ulaya, miezi minne.

Nami nikafurahi. Nilidhani akiwa na kitu cha kungojea ataishi akingoja. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na mbili na akili ya kuku.

Mwezi wa kwanza aliacha kuunyanyua mkono juu ya kifua. Mwezi wa pili mama ndiye aliyemfunga vifungo. Rafiki yake alipopiga simu kutoka Tabora, baba alimwambia asubiri kidogo, mtutu uko njiani, na mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo ninamenya chungwa. Mwezi wa tatu alihamishiwa kitanda sebuleni, kwa kuwa ngazi alikuwa haziwezi tena. Hatukumwambia kitu. Kila asubuhi tulimuuliza baridi yabisi imeamkaje.

Mtutu ulifika, fundi akaufunga, akaupima, akasema hajawahi kuona bunduki inayopiga sawa kama ile. Niliileta nyumbani Bawshar, nikailaza kitandani ubavuni kwa baba pamoja na boksi la risasi. Hakuigusa. Aliniomba nimpe risasi moja, akaishika kwa mkono wa kushoto, akaitazama.

"Siku ile kwa fundi ndipo nlipojua," alisema. "Tangu nikufunze kupiga hujapata kunambia nipunguze nguvu. Mara ukanchagulia risasi ya swala."

Nikamuuliza kwa nini basi alikubali.

"Nlikuona unaogopa. Nikakuachia."

Nililia. Nilimwambia nilihofia bega lake, mfupa ungevunjika.

"Ungevunjika," alisema. "Na kwani sasa u mzima? Ule mtutu mwengine ulikuwepo pale pale, mwanangu. Wiki moja. Mngenambia, ningekwenda Tabora na bega langu, nikapiga moja, nikalia kama mtoto. Mmeningojesha miezi minne, na nlikuwa sina miezi."

Nikamwomba radhi. Akasema radhi yake ninayo, haina shaka. Halafu akaniomba niiondoe bunduki kitandani, nimgeuze upande wa ukuta, kwa sababu bega lilikuwa linamuuma.