Bei ya Watani

Mimi sikuuza korosho kwa bei moja hata siku moja. Pale barazani kwangu Chuno, mjini Mtwara, nilimtazama mtu kwanza, ndipo nikataja bei. Mjane alipata kwa nusu. Mwalimu mgeni alipata bei ya kawaida, maana hajui kugombana. Mtani nilimtajia mara mbili. Atanitukana, nitamtukana, tutashuka pamoja mpaka bei ya haki.

Mjukuu wangu wa kike alipomaliza masomo ya kompyuta, miaka ile ya elfu mbili ikielekea ukingoni, akanitengenezea duka la mtandaoni. Mtu yuko mbali huko, anachagua korosho, anazitia kwenye kapu la kompyuta, kapu linamwambia alipe ngapi.

"Kapu lenyewe linamjua mtani?" nikauliza.

"Bibi, kapu halina macho. Bei ni moja."

"Basi lipe mdomo, liulize."

Alinuna siku mbili, kisha akaandika maandishi yake ya kuliamuru kapu. Mteja akifika mwisho anaulizwa: Je, wewe ni mtani wa Bibi? Akijibu ndiyo, bei inajizidisha mara mbili. Chini yake nikaamuru iwekwe namba yangu ya simu, ya kutukania.

Wa kwanza kujibu ndiyo alikuwa karani wa bandari, mtani wangu wa miaka mingi, aliyehamishiwa Tanga. Kilo mbili. Nikaweka simu mapajani, nikangoja matusi.

Mjukuu akaja mbio. "Bibi, amelipa! Yote!"

Yeye anacheka, mimi sicheki. Bei ya utani ikilipwa si utani tena, ni wizi. Yule angesimama mbele ya watu Tanga aseme nimemwibia, na angekuwa anasema kweli.

Nikampigia. "Unaumwa?"

"Mzima kabisa."

"Mbona umelipa?"

"Nimelipa ili ukose usingizi, kizee wewe. Ofisi nzima nimeshaiambia: mwizi wa Mtwara sasa anaiba kwa kompyuta." Akakata.

Mjukuu akataka turudishe pesa. Nikakataa, kurudisha ni kukiri. Nikapima kilo mbili nyeupe, nilizobangua na kukaanga mwenyewe. Pesa iliyozidi nikamnunulia korosho ghafi, zenye maganda yale ambayo mafuta yake yanababua vidole. Ghafi ni rahisi, kwa hiyo zikajaa kiroba. Mjukuu akaandika karatasi nilivyomwambia: "Haki yako yote hii hapa. Bangua mwenyewe, karani."

Kiroba kilipofika, simu ililia asubuhi. Alinitukana mimi, akamtukana marehemu mume wangu, akalitukana na kapu. Nilimsikiliza mpaka mwisho, chai yangu mkononi.

"Sasa niifute ile bei ya watani?" mjukuu akauliza.

Nikamwambia aiache. Ila kapu lisipokee pesa ya mtani yeyote kabla hajapiga simu kunitukana.