Njia ya Juu

Sisi wasichana tuliokulia Bulembia, watoto wa watu wa mgodi na wa saruji, tulikuwa na njia mbili za kwenda shule. Ya chini ilikatiza shamba la karanga la bibi yake Biira, rafiki yangu, na kutufikisha uwanjani kabla jasho halijatutoka. Ya juu ilizunguka kilima kizima. Asubuhi tulishika ya chini, tukikimbizana, kiazi cha jana mfukoni, vumbi la nguo za kazi za baba zetu likiwa bado kwenye sweta. Bibi alikuwa pale na jembe lake. Ukimwamkia vizuri na kung'oa gugu moja mbele yake, alikupa karanga mbichi. Watoto wa siku hizi wanaoshushwa na bodaboda hadi mlangoni mwa darasa hawaujui utamu wa karanga yenye udongo.

Jioni tulicheza kwepena hadi mama zetu waanze kuita. Biira hakuguswa na mpira hata siku moja. Alikuwa mwepesi wa miguu, na kwenye hesabu mwepesi zaidi.

Kisha ukavunja ungo, na njia ya chini ikafungwa. Msichana aliye mwezini hakanyagi shamba la karanga, zitaozea kwenye maganda. Ndivyo tulivyoambiwa, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Ukapanda njia ya juu peke yako, na njia hiyo ilipita mbele ya vibaraza vyote vya mtaa. Hukuhitaji kutangazwa, mguu wako ulishatangaza. Wavulana walipiga kelele, "Iko juu leo! Iko juu!" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Biira alichagua kubaki nyumbani siku hizo. Kila mwezi kiti chake kilikuwa kitupu. Alitumia vipande vya kitenge kikuukuu, akavifua kwa siri na kuvificha chini ya godoro, mahali ambapo nguo haikauki hata ukingoja mwaka. Vikamletea vipele hadi akawa anatembea kwa shida. Tulikuwa darasa la saba, mtihani uko mbele, na baba yake alikuwa ameshasema mbele yetu sote: "Mutoto ya kulala nyumbani ananisomea nini? Akikosa tena, aende Kikorongo, auzie watu ya malori ndizi." Hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili.

Aliyeiona shida yake kwanza ni Mama Kahindo, jirani yetu Mkongo kutoka Butembo, muuza vitenge. Alituita uani kwake, akakata pamba laini, akatuonyesha namna ya kuikunja na kuishona, kisha akatundika vitambaa vyake mwenyewe kwenye kamba, juani, mchana kweupe. Nusu ya mtaa ilishika tama. "Fua na sabuni, anika ku jua," alisema. "Hii iko nguo ya mwili, haiko zambi. Mutu akitaka kuangalia, aangalie." Vipele vya Biira vikapona. Lakini kitambaa safi hakikuondoa vile vibaraza.

Asubuhi moja nilimkuta amekaa mlangoni na yunifomu yake, kitambaa kipya kiko mahali pake, naye hataki kuinuka. "Siendi. Watajua." Nilikasirika. Nina hasira ya karibu hadi leo, na sijawahi kuijutia asubuhi ile. Nilipita nyumba hadi nyumba nikiita wasichana, wakubwa kwa wadogo, hata wale walioanza kung'oka meno ya mbele. Nikawaambia leo tunapita juu sote.

Tukapanda. Wavulana walifungua midomo, wakakosa wa kumpigia kelele. Kesho yake tukapanda tena, na keshokutwa. Magoti yaliuma, kilima tulikilaani, lakini hatukushuka. Biira hakukosa darasa tena.

Huko chini Bibi alibaki na jembe lake, hana wa kumwamkia. Hatimaye alipanda mwenyewe, akihema, akatuzibia njia. "Munanikimbia sababu gani? Nani atanisalimu?"

Biira, ambaye sikuwahi kumsikia akimjibu mkubwa, alisema, "Bibi, tutapita kwako sisi wote, ama hakuna mwenye atapita. Hata mwenye iko mwezini."

Bibi alitutazama mmoja mmoja. Kisha akasogea pembeni. "Pita. Karanga ikioza, mutakula hiyo hiyo."

Hazikuoza. Wakati wa mavuno alituchemshia sufuria nzima, nasi tukala bila kumkumbusha, maana adabu ni adabu. Biira akafanya mtihani akafaulu, na baba yake akajisifu mtaa mzima kama vile yeye ndiye aliyeufanya.

Leo Biira ni muuguzi huko Bwera, nami nashona pedi za kufua kwa cherehani yangu karibu na soko. Tunazunguka shuleni pamoja. Wasichana wakisikia habari za karanga wanacheka hadi machozi. Wao wameshaona kila kitu kwenye simu za mama zao, wanasema. Lakini mwalimu akiwaambia wenye shida ya pedi wasimame, hasimami hata mmoja, na wiki inayofuata viti ni vitupu. Kwa hiyo sisi tunampa kila msichana, hata ambaye hajavunja ungo, ili asijulikane nani ni nani. Na hatuondoki kabla ya kuona kama choo kina mlango na maji. Kuna walimu wakuu ambao wakituona getini wanakumbuka ghafla kwamba wana safari.

Majuzi tulipanda Bulembia kusalimia. Njia ya juu imeota nyasi hadi kiunoni. Nilisikia uchungu, nisiseme uongo. Nilizikumbuka zile kelele zetu, jasho, na vitoto visivyo na meno vikikokotwa mlimani. Wasichana wa leo kila mmoja anatembea na pedi yake mkobani.

"Wacha iote," Biira akasema.

Kengele ililia, wakatoka shule. Bibi hayupo tena, hakuna wa kuwapa karanga. Walikatiza shamba la chini wote, wakubwa kwa wadogo, na kwenye vibaraza hakuna mtu aliyeinua kichwa.