Kuku wa Koko Juani

Juzi huko Mutsamudu nilimwona kuku wa jirani akihema juani, mdomo wazi, mabawa ameyaachanisha na mwili, nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni mwangu Badjanani, Moroni.

Wazungu, askari wa kukodiwa walioshika visiwa vyetu enzi hizo, walikuwa wakisaka mtu vichochoroni, nasi tuliamriwa tusitoke nje. Kuku wa bibi yangu, niliyemwita Koko, walikuwa uani ndani ya banda la mabati, na ua ulionekana wazi kutoka kichochoroni. Niliwachungulia kwenye ufa wa mlango. Harufu ya mavi yao yaliyochomwa na jua ilinijia puani.

"Koko, kuku wanacheka!"

"Hawacheki, mjukuu wangu. Joto linawaua. Nyamaza."

Alikuwa ameshika kata ya maji. Buti zilikwaruza mawe nje, zikasimama. Akanivuta kwake ghafla hata maji yakanimwagikia miguuni. Mimi nilidhani ananichezea, nikacheka.

Buti zilipoondoka, alitoka mbio na kisu, apate kumchinja walau mmoja. Alimwinua kila kuku, akamtikisa, akamlaza chini. Wote walikuwa wamekufa kibudu, hawaliki tena. Koko aliketi palepale juani, kisu mapajani, na nilipomwita arudi ndani hakunisikia.