Habu yenye rangi ya geti letu

"Tangu lini kitu kilichotumika kikauzwa ghali kuliko kipya?"

Niliuliza hivyo kwenye duka la spea Biharamulo, na wanaume wote pale kaunta wakajifanya hawakusikia. Mkononi nilikuwa na habu iliyovunjika, kile kifaa cha gurudumu la mbele kinachosaidia gari kuvuta kwenye tope. Gari la baba limenizidi umri, lakini mvua ikinyesha ndilo pekee linalofikisha wajawazito wa kwetu Mabawe hadi hospitali. Na wifi yangu alikuwa anasubiri kujifungua siku yoyote.

"Mjomba, shikamoo nimekupa, na wewe nipe sababu."

Muuzaji akaikwaruza habu yangu kwa ukucha, akaguna. "Msomi, hizi mpya za bei chee zinaisha kama sabuni. Orijino ndiyo hii. Imepanda milima ya Benaco tangu enzi za kambi za wakimbizi, haijalia hata siku moja."

Akaifuta kwa kitambaa, akaiweka mbele yangu. Ilikuwa ya bluu. Bluu ileile ya geti letu; rangi iliyobaki, baba aliipaka kwenye habu zote mbili za gari lake.

"Umeitoa wapi?"

"Kuna mzee wa Mabawe aliniuzia kama chuma chakavu. Alifurahi huyo! Alikuwa amepata mpya."

Chuoni sijawahi kukosa hoja. Pale nilifungua pochi, nikalipa.

Wifi alifika hospitali salama, akapata binti.

Baba, najua gazeti unaanzia ukurasa huu. Habu ya upande wa pili bado ni ya bluu. Tafadhali, usiiuze.